Kigoda cha Katikati ya Boma

Upande wetu wa Migori hakuna mtu aliyekuwa na karatasi nyingi kama mimi, na ninasema hivyo bila haya. Wengine walikuwa na kitambulisho, kadi ya kliniki na risiti za miwa. Mimi nilikuwa na sanduku zima la bati, jeusi, lililovuka bahari pamoja nami. Ndani yake mlikuwa na barua za waajiri wangu wa Uingereza, vibali, bima, ramani ya nyumba yangu, na juu ya yote, ikiwa imelazwa kati ya kadibodi mbili isikunjike, diploma yangu ya ufundi wa mitambo ya baridi. Niliipata kwa masomo ya jioni, baada ya kushinda nikibeba nyama iliyoganda mgongoni. Hakuna serikali iliyonilipia, wala mjomba, wala harambee. Mtu yeyote aliyewahi kunikuta nikijisifu alikuta nina sababu.

Niliporudi nilifungua karakana mjini. Friji za mabaa na za maduka ya dawa, kutoka Migori hadi Awendo, zilipita mikononi mwangu. Wanunuzi wa samaki wa Homa Bay walinitumia gari nikawafufulie majokofu yao, nami nikishuka nimevaa koti jeupe kama daktari. Nikajenga nyumba ya mawe yenye madirisha ya vioo na tangi la maji ya mvua. Watu waliokuwa wakienda sokoni walisimama kwenye ua wa mnyaa kuitazama. Niliwaacha watazame.

Halafu macho yakaanza kufa.

Yalikufa kutoka pembeni. Niliweza kumtazama mtu usoni vizuri kabisa, nisiuone mkono alionyoosha kunisalimu, na watu wakasema mzee wa Ulaya sasa anadharau. Daktari wa hospitali ya misheni aliniambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Nilimuuliza kama ana uhakika, maana mimi nimeona hospitali kubwa kuliko yake. Akasema ana uhakika. Muda si mrefu ukungu ukaingia hadi katikati. Sura za watu nikawa nazijua kwa sauti, na maandishi yakawa kama masizi yaliyopakwa kwenye karatasi. Mimi niliyekuwa nikiwasomea watu barua za watoto wao wa Nairobi, nikawa mtu wa kusomewa.

Ningeweza kuishi bila magazeti. Karatasi iliyonikosesha amani ilikuwa moja, hati miliki ya shamba lenyewe nililojengea.

Shamba lile nililinunua nikiwa bado ng'ambo, kwa rafiki niliyesoma naye shule ya msingi. Yeye alitaka kuhamia kwa watu wa mama yake huko Kosele, mimi nilitaka mahali pa kuweka boma langu. Nilipokuja likizo tuliandikiana mkataba mbele ya wazee, akanikabidhi hati yake mkononi, tukala mbuzi. Kilichobaki ni kwenda pamoja mbele ya bodi ya ardhi, yeye aseme ameuza na mimi niseme nimenunua, ndipo jina langu liingizwe mahali pa jina lake. "Siku ukiwa tayari, omera, ndugu yangu, niite tu," aliniambia. Kwanza kazi ilinishika. Kisha mke wangu akaugua, na katika kuugua kwake sikuona karatasi wala jua. Nilimzika mahali pa haki yake, upande wa kushoto wa mlango wa nyumba kubwa, na saruji ya kaburi nikaisawazisha kwa mwiko wangu mwenyewe. Upande wa kulia ukabaki unaningoja mimi.

Basi hali ilikuwa hiyo. Mke wangu alikuwa amelala katika ardhi ambayo, kwa vitabu vya serikali, bado ilikuwa ya mtu mwingine. Majirani hawakulijua hilo. Kila aliyeuliza nilimjibu kwamba hati iko sandukuni mwangu, na huo haukuwa uongo. Niliyemhitaji ni mtu wa kunisomea, wa kunijazia fomu za bodi, wa kuniambia kilichoandikwa kama kilivyoandikwa. Mtu huyo sikumpata.

Nilikuwa na mtihani wangu. Sikumwonyesha mtu karatasi ya shamba kabla ya kumpa diploma aisome. Diploma ninayo kichwani neno kwa neno, mpaka yale maandishi madogo ya chini yanayotaja mpiga chapa. Mtu akiisoma, ninajua papo hapo ni msomaji wa namna gani.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa ndugu yangu, karani mjini, kijana wa suruali zilizopigwa pasi.

"Inasema ulifaulu, baba."

"Isome."

"Si nimekwambia? Ulifaulu. Tena vizuri sana."

"Soma maneno yaliyoandikwa."

Akasoma mstari wa juu, akaruka mpaka kwenye sahihi. Nikajiuliza, mtu anayeruka karatasi ya sifa zangu ataruka nini kwenye karatasi ya shamba? Siku nyingine alikuja na karatasi tupu akataka niweke sahihi chini yake, "ili nisije nikakusumbua tena." Nilimpa chai akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuja tena kunisalimu, na mama yake akatangaza kanisani kwamba uzee umenifanya mkali.

Wa pili alikuwa wakala aliyekaa na taipureta nje ya ofisi ya ardhi. Huyu alisoma diploma yote, kwa Kiingereza cha puani, akinisifu kila akifika kituo. Nilikaribia kufurahi, nikaitoa na hati. Halafu akasema niiache hati kwake, ilale naye usiku mmoja tu.

"Hailali na mtu," nikasema, nikairudisha ndani ya koti.

"Jaduong', mzee wangu, unaniogopa, na umeona nimevaa tai?"

"Tai sikuiona. Na kama unayo, hata mimi ninazo, zimejaa sandukuni."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, lakini mimi ndiye niliyerudi nyumbani vilevile nilivyokwenda. Mzee wa kanisa naye, kabla hata sijamaliza kueleza shida yangu, aliniuliza kama shamba lina kona ambayo kanisa linaweza kujenga. Nikaacha kutafuta. Kwa muda mrefu nilikuwa nalitoa lile sanduku chini ya kitanda, nalifungua, napapasa karatasi moja moja, nikizijua kwa unene na kwa mikunjo, kisha nalifunga. Nilikuwa na elimu yote ile, na haikunisaidia hata kusoma tarehe.

Msomaji niliyekuwa nikimtafuta alikuwa ndani ya boma langu. Mke wa mwanangu wa kwanza alikuwa amemaliza kidato cha nne na akiwafundisha watoto wa chekechea kanisani. Mume wake alikuwa kazini bandarini Mombasa, akija Krismasi. Sikuwa nimemfikiria, kwa sababu kwetu mke wa mwana haingii chumba cha baba mkwe, wala hawaketi bega kwa bega wakinong'onezana, na zaidi sana kama baba mkwe ni mjane. Watu wangesema, na ningewapa haki. Ng'ambo niliona wakwe wakikumbatiana asubuhi kama wacheza mpira waliofunga goli, wala sikuona ni jambo la kuleta nyumbani.

Lakini siku moja nilimsikia akiwasomea watoto hadithi mlangoni kwake, akisoma mpaka jina la shule lililopigwa muhuri ndani ya jalada. Nikajua huyu haruki.

Tulitafuta njia yenye heshima. Katikati ya boma niliweka kigoda. Nilikuwa natoka na karatasi, naiweka juu ya kigoda, naikandamiza kwa jiwe upepo usiichukue, kisha narudi chini ya paa la nyumba yangu. Yeye alikuja akaichukua, akarudi barazani kwake, akasoma. Nyumba yake, kama ilivyo ya mwana wa kwanza, ilikuwa karibu na lango. Kutoka kwake hadi kwangu ni uwanja mzima, kwa hiyo alisoma kwa sauti ile ya kunyamazishia watoto.

Kwanza nilimpa diploma. Akaisoma yote, na alipomaliza sahihi hakusimama.

"Baba, hapa chini kuna maandishi madogo. Niyasome?"

"Yanasema nini?"

Akalisoma jina la mpiga chapa na mji wake. Nililia kidogo. Kwa mbali hakuweza kuona.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote tangu nimzike mke wangu. Jioni, akishaepua sufuria, nilikuwa nasikia mlango wake, nami natoka na karatasi.

"Baba, hapa pamekunjwa."

"Kunjua."

"Hapa pameandikwa mahali pa sahihi, halafu hakuna kitu."

"Sema hivyohivyo. Hakuna kitu."

"HAKUNA KITU!"

Mkataba aliusoma hivyo. Hati miliki aliisoma hivyo, kuanzia namba ya shamba. Alipofika kwenye jina la mwenye shamba alilisoma mara mbili.

"Baba, si jina lako."

"Najua. Endelea."

"Lakini, baba, ina maana shamba bado ni lake?"

"Mpaka bodi ikae. Soma."

Akasoma. Fomu za bodi alizijaza yeye, kila swali akiniuliza kutoka upande wa pili wa uwanja, nami nikimjibu. Tulimwandikia rafiki yangu Kosele, naye akajibu kwamba afya yake si nzuri lakini atakuja, omera, niite tu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka nililala bila kulipapasa sanduku.

Njia ya kwenda sokoni inapita nyuma ya ua wa mnyaa, karibu sana na nyumba ya mwanangu. Jirani yetu mmoja alikuwa mpwa wa yule rafiki aliyeniuzia, mwanamke aliyeuza nguo za mitumba Rodi Kopany. Jioni alikuwa akirudi na furushi lake, akilipumzisha kwenye ua wetu. Sikujua, kwa sababu sikuona, na msomaji wangu alikuwa ameinamia karatasi. Nilikuja kujua pale mama huyo aliposimama langoni asubuhi moja, akanisalimu kwa uchangamfu mno.

"Jaduong', kumbe na wewe ni mpangaji kama sisi wengine!"

"Mpangaji wa nani?"

"Wa mjomba wangu. Si ndiyo mwalimu wetu anavyosoma? Anasoma vizuri huyo mtoto, hadi mtu wa barabarani anaelewa. Wangu nitawaleta wafundishwe naye."

Alicheka, akapita na furushi lake. Nilisimama pale na bakora yangu. Miaka yote ile nilikuwa nimewakataa karani, wakala na mzee wa kanisa ili mambo yangu yasitoke nje ya sanduku. Sasa yalikuwa yanauzwa pamoja na makoti Rodi Kopany, na hakuna mtu aliyekuwa amenisaliti.

Siku ya bodi tulifika mapema. Mimi nilikaa mwisho mmoja wa benchi, mke wa mwanangu mwisho mwingine. Jina la rafiki yangu liliitwa, likaitwa tena. Karani wa bodi akasema tuje siku bodi itakapokaa tena, tukiwa na muuzaji, maana mkataba usio na ridhaa ya bodi ni karatasi ya kufungia omena, dagaa wa sokoni. Nilimwambia mimi ni mtu mwenye diploma, asiongee nami hivyo. Akasema, "Pole, mzee. Anayefuata."

Tulipanda matatu hadi Kosele. Nilichukua hati ndani ya koti, nikamwonyeshe rafiki yangu kwamba nimeitunza kama alivyonipa. Mke wa mwanangu alitembea nyuma yangu, akiniambia kwa sauti ya chini palipo na shimo na palipo na jiwe. Tulipofika, yeye alibaki langoni, akakaa kwenye nyasi kama inavyompasa mgeni aliyefuatana na baba mkwe wake.

Rafiki yangu nilimjua kwa kikohozi. Alikuwa ameketi nje, na kando yake walikuwapo wanawe wawili. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto.

"Omera, ulikuwa uje," nikamwambia.

"Nilikuwa nije. Nilikuwa nimevaa na viatu."

"Kisha?"

"Vijana wamenikataza."

Mkubwa wao akasema, kwa adabu kabisa, "Jaduong', sisi hatuna ubaya na wewe. Tunauliza tu. Umejenga kwenye shamba la baba yetu, sisi tunabanana hapa kwa watu wa nyanya yetu. Kwa nini hatukujua kwamba shamba bado lina jina lake?"

"Baba yenu aliniuzia. Muulizeni. Hati alinipa kwa mkono wake huu." Nikaitoa.

"Ni kweli," rafiki yangu akasema. "Tulikula mbuzi."

"Baba, mbuzi si bodi." Kisha akanigeukia. "Wewe umesoma, jaduong'. Tunasikia habari zako tangu tukiwa wadogo, mtu wa diploma. Hebu tusomee hapa pameandikwa jina la nani."

Niliishika ile hati. Nilijua kila kilichomo, ningeweza kuisema yote bila kuitazama. Lakini sikuwa tayari kujifanya nasoma mbele ya watoto wa juzi. Nikasema miwani yangu nimeiacha nyumbani. Mdogo akacheka puani.

"Basi si umekuja na mwalimu? Yule pale. Binamu yetu wa Rodi Kopany anatuambia anasoma kama redio."

Nilisikia karatasi ikitoka vidoleni mwangu, kisha nyayo zikienda langoni. Mke wa mwanangu hakuanza.

"Baba," aliniita kutoka kule, "nisome?"

Nilijua ananiuliza nini. Angeweza kusema mwanga hautoshi, au maandishi yamefifia. Ningeona wapi? Lakini mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kutoruka kitu.

"Soma," nikasema.

Akasoma kwa sauti yake ya chekechea, toka namba ya shamba, akashuka, akafika kwenye jina, akalisoma lote, majina yote matatu ya rafiki yangu, na mwenye majina akaitikia kwa kikohozi. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

"Umesikia, jaduong'," mkubwa akasema. Nikasikia karatasi ikikunjwa, na baada ya kukunjwa sikusikia tena chochote. Nilinyoosha mkono. Mkono ulibaki hewani.

"Mrudishie," rafiki yangu akasema.

"Baba, nyamaza."

"Nimesema mrudishie mwenzangu karatasi yake."

"Baba, jina ni lako. Itakaa kwako."

Rafiki yangu akaanza kukohoa, akakohoa mpaka wakamwingiza ndani. Aliyebaki nami ni yule mkubwa. Akaniambia hawatanifukuza, wao si wanyama. Nitakaa mpaka nitakapokwisha. Na mama aliyezikwa pale, hawawezi kumfukua, watamwacha.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Mimi nitalala wapi?"

"Wewe bado upo, jaduong'. Hayo si ya leo."

Njiani kurudi kituoni mke wa mwanangu alitembea nyuma yangu akilia, akisahau kuniambia palipo na mashimo. Nilijikwaa mara nyingi, nikaendelea kutembea. Chifu nilikwenda kumwona baadaye, akaahidi kuwaita, hakuwaita. Mwanangu alikuja Krismasi, akanisikiliza, akarudi Mombasa. Watoto wa rafiki yangu walikuja siku moja na kamba, wakapima kutoka barabarani hadi kwenye miwa. Nilikaa chini ya paa langu nikaisikia kamba ikikwaruza saruji ya kaburi la mke wangu. Kamba ilipita pia upande wa kulia wa mlango, mahali pangu, na hapo hawakusimama hata kidogo.

Rafiki yangu alifariki kabla ya mvua ndefu. Sikualikwa kuzungumza matangani, mimi niliyezoea kupewa kipaza sauti katika kila matanga.

Kigoda kilibaki katikati ya boma. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukiondoa, na hapakuwa na karatasi ya kuweka juu yake. Jioni moja, saa ambayo watu wanarudi kutoka sokoni, niliingia chumbani, nikalivuta sanduku, nikapapasa mpaka nikapata zile kadibodi mbili. Nikatoka, nikaiweka diploma juu ya kigoda, jiwe juu yake, nikarudi mahali pangu.

Nilisikia mlango wa mke wa mwanangu, kisha nyayo.

"Baba, hii si umeshanipa?"

"Isome tena. Kwa sauti."

"Nani hajaisikia?"

"Wewe isome."

Akasoma. Alisoma jina la chuo na la mji, jina langu lote, na ya kwamba nimetimiza yote yaliyotakiwa na ninastahili. Sauti yake ilijaa boma lote, ikavuka ua wa mnyaa mpaka njiani. Nilitega sikio nisikie kama kuna anayepumzisha furushi. Hapakuwa na mtu. Alifika kwenye sahihi, akashuka kwenye maandishi madogo, akamsoma na mpiga chapa. Kisha akaja, akairudisha karatasi juu ya kigoda, na nikasikia akiweka jiwe.